Mama anaamini kwamba nina kazi Ujerumani

Shikamoo Mama Mshauri,

Ninakuandikia kutoka Bremen, kaskazini mwa Ujerumani, ingawa mimi ni mtoto wa Igombe, niliyezaliwa na kukulia palepale mwaloni, na safu yako nilianza kuisoma nikiwa bado Mwanza. Nina umri wa miaka 34. Nilipata stashahada ya uchakataji na ubora wa samaki Nyegezi, kisha nikafanya kazi miaka minane katika kiwanda kimoja cha minofu ya sangara hapo mjini, nikiwa mdhibiti ubora. Kazi ile sikuiacha kwa ugomvi wala kwa tamaa. Mke wangu ni muuguzi. Alipata mkataba huku, akatangulia, na baada ya vyeti vyake kutambuliwa nilimfuata kwa viza ya familia mwezi Septemba 2024. Viza hiyo inaniruhusu kufanya kazi bila kuomba kibali kingine, kwa hiyo nilipopanda ndege nilikuwa na hakika kwamba katika muda wa miezi mitatu ningekuwa nimevaa koti jeupe ndani ya kiwanda cha samaki cha Wajerumani.

Sasa ni mwezi wa kumi na tano. Nimetuma maombi 63. Idadi ninaijua kwa sababu nimeyaorodhesha kwenye daftari, tarehe na jina la kampuni, kama nilivyokuwa nikiandika joto la samaki kila asubuhi. Majibu niliyoyapata ni 22, na yote yana neno moja, «leider», ambalo maana yake ni «kwa bahati mbaya». Siku hizi sisomi barua nzima. Macho yangu hulitafuta neno hilo kwanza, na nikishaliona naifunga simu. Hao wengine 41 hawakujibu kabisa.

Hata hivyo, Mama, linaloninyima usingizi si hilo. Nilipofika huku, mama yangu alikuwa akiniuliza kila Jumapili, akitoka misani, kama nimepata kazi. Mjomba wangu aliuza injini ya mtumbwi wake, ile ya farasi 15, ili fedha za tiketi na za mtihani wa Kijerumani niliofanyia Dar es Salaam zitimie, na tangu hapo anavua kwa kasia au kwa injini ya kukodi. Katika mwezi wangu wa nne huku nilishindwa kuvumilia, nikamwambia Mama kwamba nimepata kazi kiwandani, kitengo cha ubora. Alipiga vigelegele hadi simu ikakwaruza. Nilidhani ni uongo wa wiki mbili tatu, kwamba kazi ya kweli ingekuja kuufunika kabla haujanuka.

Tangu hapo ninatuma euro 250 kila mwezi, fedha za dawa ya Mama zikiwa humo, na Mama anajenga. Nyumba imefikia lenta, fundi anasubiri fedha za kenchi na bati. Ili kuzipata fedha hizo ninasafisha ofisi alfajiri, kazi ndogo yenye mkataba ambayo sheria ya huku kwa mwaka 2025 iliiwekea kikomo cha euro 556 kwa mwezi, na jioni ninaosha vyombo kwenye mgahawa mmoja bila mkataba wowote, nikilipwa mkononi euro 9 kwa saa. Nilikuwa nimeanza kozi ya Kijerumani inayosimamiwa na serikali, yenye vipindi 600 vya lugha. Nilifika kama kipindi cha 200, kisha nikaacha, maana nilikuwa nikisinzia darasani. Siku moja nilizinduka nikakuta mwalimu ameniwekea glasi ya maji mezani, hasemi kitu, na darasa zima limenyamaza likinitazama. Sikurudi tena.

Mke wangu amechoka. Kodi ya nyumba analipa yeye, chakula ananunua yeye, na juu ya hayo anasikia kwenye simu jinsi mawifi zake wanavyomsifu kaka yao kwa kumtunza vizuri ugenini. Ameniambia kwamba nisiposema ukweli kabla mwezi huu haujaisha, atausema yeye. Nami bado ninaona haya, kwa sababu mwezi Juni, Daraja la Magufuli lilipofunguliwa pale Kigongo na Busisi, Mama alivuka kwenda kwa dada yake Sengerema, akanitumia video ambayo ndani yake anasikika akiwaambia abiria wenzake, bila kuulizwa, kwamba mwanawe yuko Ujerumani anapima samaki.

Na sasa limezuka jipya. Mdogo wangu, ambaye anaendesha bodaboda Pasiansi, amempata wakala anayemwahidi kazi huku kwa shilingi milioni nane. Mama yuko tayari kuuza kiwanja cha marehemu Baba kilichopo Kayenze, kwa kuwa, anavyosema, kaka mtu yupo na atampokea.

Nifanye nini ili nipate kazi ya taaluma yangu? Au nirudi nyumbani? Na ukweli huu niutoeje baada ya kuulimbikiza kiasi hiki? Nimekuambatishia wasifu wangu na barua ninayoituma kwa waajiri.

Ni mimi, Mtoto wa Igombe.

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili na wasifu wako mara tatu. Nitaanza na kiwanja cha Kayenze, kwa sababu hicho hakisubiri Jumapili. Mpigie mdogo wako leo, ukimaliza kusoma hapa. Ujerumani ilianzisha mwezi Juni 2024 utaratibu ambao kwa lugha yao unaitwa Chancenkarte, yaani kadi ya fursa, unaomruhusu mtu wa nje kwenda kutafuta kazi kwa muda usiozidi mwaka mmoja, na inawezekana kabisa kwamba hicho ndicho wakala wake anachokipigia debe. Lakini kadi hiyo inamtaka mwombaji awe na shahada au mafunzo ya ufundi ya miaka miwili au zaidi yanayotambuliwa na nchi yake, awe na Kijerumani cha kuanzia au Kiingereza cha kiwango kizuri, na aonyeshe fedha za kujikimu ambazo kwa mwaka 2025 zinazidi euro 1,000 kwa kila mwezi atakaokaa. Leseni ya bodaboda haimo humo, na hakuna wakala awezaye kuiingiza kwa milioni nane. Kijana akikukatalia, mwambie amwulize wakala swali moja tu: ni cheti kipi chenye jina langu utakachokipeleka ubalozini? Kisha asikilize vizuri jinsi jibu litakavyozungushwa.

Ukishamwambia hayo, bila shaka atakuuliza: «Mbona wewe uko kiwandani?» Unaona basi kwamba ule uongo, ambao ulikuwa wako na Mama peke yenu, sasa umeingia kwenye ardhi ya urithi. Hapo ndipo ninapotaka tuanzie. Umeniuliza habari ya kazi kwanza, habari ya Mama ukaiweka mwisho. Mimi nimeigeuza, na si kwa sababu ya kukuhubiria. Nimeichora siku yako kwenye karatasi. Kazi hupati kwa sababu Kijerumani chako kimeishia njiani. Kijerumani kimeishia njiani kwa sababu usiku unaosha vyombo. Vyombo unaviosha kwa ajili ya kenchi na bati. Na kenchi zinadaiwa kwa sababu ya sentensi moja uliyoisema kwenye simu katika mwezi wako wa nne. Kitu unachokihitaji kuliko vyote ni muda, kama mwaka mmoja hivi, na huo mwaka anao Mama, wala hajui kwamba anao.

Najua ninachokisema kuhusu muda. Mimi nilipelekwa Ujerumani, ile ya Mashariki, mwaka 1984 kusomea kilimo, na kabla hatujaguswa na somo lolote la kilimo tuliwekwa Leipzig, kwenye Taasisi ya Herder, tukafundishwa lugha kwa miezi kumi kana kwamba hatukuwa na shughuli nyingine duniani. Nililalamika sana. Katika wiki ya pili nilikwenda dukani kununua chumvi, ambayo kwao ni «Salz», nikalitamka neno lile kwa namna ambayo muuzaji alisikia «Schmalz», nikarudi bwenini na pakiti ya mafuta ya nguruwe. Kufikia mwezi wa nane nilikuwa nikibishana na mhudumu wa bweni kuhusu zamu za kufua, na kufikia wa kumi nilikuwa nikimshinda. Akili yangu haikuwa kali kuliko yako. Nilikuwa nalipiwa posho, nalala usiku, na huku nyumbani hapakuwa na mtu aliyekuwa ananisubiria bati.

Basi tupige hesabu yako. Vipindi vya lugha ni 600, umesoma 200, vimebaki 400. Ukisoma vipindi 20 kwa wiki, vinne kila asubuhi, hizo ni wiki 20, yaani miezi mitano bila kuhesabu likizo. Hapo unaufikia mtihani wa B1, yaani kiwango cha kati cha Kijerumani. Baada ya B1 zipo kozi za lugha ya kazini, zinazogharamiwa na serikali, ambazo zinampeleka mtu hadi B2, ngazi inayofuata, nazo huchukua miezi kadhaa. Kwa hiyo mtu anayeanza Januari anaweza kufikia Krismasi inayofuata akiwa anazungumza na meneja wa kiwanda bila kutokwa jasho. Nenda kwenye ofisi ya chuo ulikoacha, ueleze kwamba ulikatiza kwa sababu ya kazi za usiku, uulize vipindi vyako vilivyobaki unavirudiaje. Yule mwalimu wa glasi ya maji ukimkuta, mshukuru. Wewe uliyachukulia maji yale kuwa aibu. Mimi nimekaa na walimu wa Kijerumani, na ninakwambia kwamba mwalimu wa kule akitaka kukuaibisha hutahitaji kukisia.

Ile kazi ya mgahawa iache wiki hii. Kima cha chini cha mshahara kwa saa nchini humo mwaka 2025 kilikuwa euro 12.82, anayekulipa 9 mkononi anakuibia zaidi ya euro 3 kila saa, na ukiteleza ukavunjika mkono kwenye sakafu yake yenye maji atasema hakujui. Wanaokagua ajira za namna hiyo kule ni watu wa forodha, ambao huingia jikoni bila hodi. Usafi wa ofisi endelea nao, kwa kuwa una mkataba, ni wa alfajiri, na hauli muda wa darasa.

Sasa Mama. Usimwambie Jumapili baada ya misa, wakati nyumba imejaa watu na simu imewekwa spika. Anza na mjomba wako. Yeye ndiye aliyetoa injini, ndiye anayedai, na ndiye kaka wa mama yako; ana haki ya kusikia kabla ya wengine, na ana uzito wa kulibeba jambo mbele ya dada yake. Mpigie jioni ya siku ya kazi, umweleze yote bila kuyaremba, ikiwemo idadi ya maombi 63. Kisha umwombe aende Igombe akae karibu na Mama siku utakayopiga. Lakini mjomba asiseme kwa niaba yako. Huko kwetu tumezoea kupitisha habari ngumu kwa wazee, na ni desturi nzuri panapokuwa na msiba. Katika hili Mama anapaswa kuisikia sauti yako mwenyewe, mjomba akiwa pale wa kumshika mkono.

Maneno yenyewe yawe machache. «Mama, nilikudanganya. Kiwandani sijaingia. Nimekuwa nikisafisha ofisi na kuosha vyombo, na fedha za nyumba zimetoka huko. Mkweo ndiye anayetulisha. Nahitaji mwaka mmoja wa kusoma lugha, na kwa mwaka huo nitakutumia fedha za dawa tu.» Huenda atalia. Huenda atakata simu. Sidhani kama atakufa, ingawa najua ndilo unaloliogopa. Mwanamke aliyelea watoto mwaloni, akawaona wavuvi wakitoka jioni na wengine wasirudi, ameshapokea habari nzito kuliko ya mtoto anayeosha vyombo.

Kuhusu nyumba usiwe na wasiwasi wowote. Pita Buswelu au Nyasaka uhesabu nyumba zilizokaa kwenye lenta miaka mitano zikiota majani juu ya ukuta, na wenyewe wanazipitia kila siku wakienda kazini wala hawajaugua. Fundi aambiwe aziwekee kuta kifuniko cha udongo-saruji juu ili maji ya masika yasipenye kwenye matofali, basi, isubiri.

Nije kwenye wasifu wako, na hapa nitakuwa mkali. Una kurasa tano. Ukurasa wa kwanza umeandika dini yako, kabila lako na shule ya msingi uliyosoma. Ukurasa wa tano una wadhamini watatu pamoja na namba zao za simu, mmoja wao akiwa diwani. Hapo katikati, ukurasa wa tatu, miaka yako minane ya kazi imepewa mstari mmoja: «Udhibiti wa ubora wa samaki». Mwajiri wa Kijerumani hatampigia simu diwani wa Ilemela. Anataka kurasa mbili, zenye mwezi na mwaka wa kuanza na kumaliza kila jambo, kuanzia la karibuni kurudi nyuma, na anataka kujua mikono yako ilikuwa ikifanya nini.

Na mikono yako ilikuwa ikifanya kitu ambacho naona wewe mwenyewe hukijui thamani yake. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulilifunga soko lake kwa samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya watu waliokuwa wakivua kwa sumu, na wanaokumbuka mji wetu wakati ule wanajua viwanda vilivyokaa kimya na vijana waliorudishwa nyumbani. Soko lilifunguliwa tena baada ya ukaguzi kujengwa, kuanzia barafu ya mwaloni hadi kwenye sanduku la minofu, na Mwanza ikawa na Maabara ya Taifa ya Udhibiti wa Ubora wa Samaki palepale Nyegezi uliposomea. Ulaya ilipotoa Kanuni namba 852 na 853 za mwaka 2004 kuhusu usafi wa chakula, kiwanda chochote kilichotaka kuuza minofu kwao kililazimika kuzifuata au kufuata zinazolingana nazo. Kwa hiyo, mwanangu, wewe hukuwa ukifanya kazi ya Kiafrika ambayo sasa unaomba itafsiriwe kwa Kijerumani. Kwa miaka minane ulikuwa ukisimamia sheria ya Ulaya ukiwa Mwanza. Liandike hilo juu kabisa, pamoja na namba za kanuni hizo, kwa sababu namba hizo msomaji wa kule anazijua.

Kisha ufumue ule mstari mmoja. Andika kwamba ulikuwa ukipokea samaki kutoka kwenye mialo mingapi na kupima joto lao wanaposhushwa. Kwamba ulikuwa ukikagua macho, mashavu na harufu kabla ya kuwakubali. Kwamba ulikuwa ukihakikisha chumba cha kugandisha hakipandi juu ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Kwamba ulikuwa ukichukua sampuli za visu, meza na mikono ya wakata minofu na kuzipeleka maabara. Kwamba ulikuwa ukitunza daftari la HACCP, ule mfumo wa kutambua na kudhibiti hatari katika chakula, na kuwapokea wakaguzi. Na namba za shehena, zile zinazowezesha sanduku lililopo Hamburg kufuatiliwa hadi kwenye mtumbwi uliovua, usizisahau. Kama kuna siku uliikataa shehena na bosi akakasirika, weka na hiyo.

Wajerumani hawaamini wadhamini, lakini wanaiamini sana barua ya mwajiri wa zamani, ambayo wanaiita Arbeitszeugnis, inayoeleza mtu alifanya kazi gani, kwa muda gani na kwa ubora gani. Kwetu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti cha utumishi ajira inapokoma, ila vyeti hivyo huwa na mistari minne na mhuri. Cha kwako kimesema ulikuwa mtumishi wa kampuni, basi. Mwandikie msimamizi wako wa zamani kwa adabu, umwombe barua ya ukurasa mmoja yenye karatasi ya kichwa, sahihi na mhuri, ikitaja kazi nilizozitaja hapo juu moja baada ya nyingine. Afadhali umwandalie rasimu kabisa, maana watu wana shughuli. Mdogo wako mwenye bodaboda aifuate mwenyewe kiwandani, akae mapokezi hadi itoke. Akiwa na kazi hiyo ya kufanya huenda hata wakala akamsahau.

Barua hiyo ina faida nyingine, na hapa soma polepole. Ujerumani watu huingia kwenye ufundi kwa mafunzo ya kazini wanayoyaita Ausbildung. Ya fundi wa teknolojia ya chakula huchukua miaka mitatu. Lakini sheria yao ya mafunzo ya ufundi inamruhusu mtu ambaye ameshaifanya kazi hiyo kwa muda wa mara moja na nusu ya mafunzo kuomba afanye mtihani wa mwisho moja kwa moja, bila kukaa darasani miaka yote, na muda uliofanya kazi nje ya nchi unapaswa kuzingatiwa. Mara moja na nusu ya miaka mitatu ni miaka minne na nusu. Wewe una minane. Uamuzi ni wa chemba ya biashara, ambayo kwa bahati ni moja kwa Bremen na Bremerhaven, nao watataka ushahidi wa maandishi, yaani ile barua. Mtihani ni wa Kijerumani, kwa hiyo tumerudi kwenye vipindi 400. Kwa kukusaidia kujaza fomu wapo washauri wa wahamiaji katika mashirika kama Caritas na Diakonie, ambao hawatozi kitu.

Maombi yako 63 yote yaliomba cheo cha meneja wa ubora, kwa barua moja ambayo hubadilishi hata jina la kampuni kwenye aya ya pili. Nimeliona jina la kampuni nyingine limebaki humo. Acha kutuma kwa sasa. Panda treni uende Bremerhaven, kwenye bandari ya uvuvi, ambako samaki huchakatwa kwa wingi kuliko karibu popote Ujerumani, na uombe wiki mbili za kufanya kazi kwa majaribio mezani, kwa kisu. Najua utasema kwamba kisu uliwaachia vijana wa zamu. Lakini mkata minofu mwenye mkono mzuri haandikiwi «leider» akiwa amesimama mbele ya meza, na mtu akikuona umeinua mnofu ukaunusa na kuutazama mshipa wa damu kabla ya kuupitisha, atajua kwamba hukuanza jana. Ubaguzi upo, sitakuficha, na jina lako litakuponza kwenye baadhi ya meza. Sababu hiyo huwezi kuiondoa wewe. Zile nyingine nne, yaani lugha, wasifu, barua ya mwajiri na namna unavyoomba, unaweza.

Inapokuwa lugha imekuchosha, kumbuka lile Jiwe la Bismarck ambalo sote tulikuwa tukilipita tukienda Kamanga kupanda kivuko. Wajerumani waliolipa jina hilo walikuja huku wakatawala hadi Sukumani bila kufaulu mtihani hata mmoja wa Kisukuma. Wewe wanakutaka B1.

Mkeo mwombe radhi, na umwombe usiku ambao hana zamu. Amebeba nyumba mbili, moja anayoilipia na nyingine anayosifiwa kuwa analipiwa. Kaeni na karatasi, mwandike kinachoingia na kinachotoka. Zile euro 250 zikipungua zikawa 50 za dawa ya Mama, pengo la mgahawa litaonekana dogo kuliko unavyolifikiria. Habari ya kurudi Mwanza iacheni mezani hadi mwaka huo uishe. Kurudi si kosa, mimi nilirudi. Ila wewe leo ungerudi kuukimbia uongo, na uongo wenyewe uko Igombe.

Mshahara wa kwanza wa kweli utakapoingia, usianze na bati. Anza na injini ya mjomba, hata kwa awamu, na umwambie tangu sasa, siku hiyohiyo utakayompigia, kwamba ndivyo itakavyokuwa. Mama hatalalamika, kwa sababu yeye ndiye anayesimama mwaloni asubuhi akimwona kaka yake anarudi kwa kasia.